Jibu: Utando wa asubuhi Pande unatoka wapi?

Mkuu, umeuliza kama ule utando wa kijivu juu ya Pori la Akiba Pande, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam, ni moshi wa matanuri ya mkaa au wa magari ya mjini. Kwa macho tu huwezi kujua.

Anza na upepo. Wakati wa kusi, hewa nyingi hupita juu ya jiji kabla ya kufika Pande. Wakati wa kaskazi hutoka upande wa bahari na Bagamoyo. Andika kila siku saa, upepo unakotoka na umbali unaoweza kuona. Asubuhi hewa ya baridi hukaa chini na kuuzuia moshi usipande, kwa hiyo usimhukumu mchoma mkaa kwa siku moja.

Ushahidi wenyewe uko kwenye chujio linalonasa vumbi la hewani. Vumbi lililonaswa hupimwa maabara: potasiamu nyingi huashiria kuni na majani yaliyoungua, metali za vanadi na nikeli mafuta mazito ya meli, silikoni na alumini udongo, sodiamu chumvi ya bahari.

Chanzo cha utando kinaweza kuthibitishwa: Marekani, mwaka 1987, walitia gesi ya alama, yaani gesi inayotambulika kirahisi ikipimwa, kwenye moshi wa mtambo wa umeme wa Navajo, kisha wakaipata kwenye korongo kubwa la Grand Canyon. Mwaka 1991 yakafikiwa makubaliano ya kupunguza salfa ya mtambo huo kwa asilimia 90. Pande ni msitu wetu wa karibu kabisa, nami naumia kuuona ukififia. Ukianza daftari, niite tusaidiane.