Kugawa fedha za utafiti kwa mikoa: idadi ya watu si kipimo

Umeuliza kwa nini serikali isigawe bajeti ya utafiti kwa mikoa kwa kufuata idadi ya watu. Shida ni uwezo wa kuzitumia fedha hizo. Mkoa usio na maabara wala watafiti utaagiza mashine, halafu mwaka wa fedha unafungwa mashine ikiwa bado bandarini, na salio linarudi hazina. Hata ikifika, bila fundi, vipuri na umeme wa uhakika itabaki ndani ya sanduku. Kwa hiyo gharama za uendeshaji zitengwe kuanzia siku ya kwanza, na salio liruhusiwe kuvuka mwaka.

Muda nao ni muhimu mno. Uingereza mwaka 2022 ilitangaza pauni milioni 100 kwa maeneo matatu, Glasgow, Greater Manchester na West Midlands, lakini awali kwa miaka mitatu tu. Kwa kipindi hicho ni vigumu sana kumshawishi mtafiti mzuri ahame na familia yake.

Mimi naona Ujerumani wamepatia zaidi: kwa ruzuku ya msingi ya taasisi za Fraunhofer (za utafiti wa matumizi ya viwandani), serikali kuu hutoa asilimia 90 na majimbo asilimia 10, na kwa Max Planck (taasisi za utafiti wa sayansi ya msingi) ni nusu kwa nusu. Jimbo likiweka fedha zake, linafuatilia kweli.

Mkoa uchague mada, sawa kabisa. Lakini ubora wa maombi ya fedha upimwe na wataalamu wa nje ya mkoa, la sivyo chuo kimoja kikubwa kitazoa kila kitu.