Nionyeshe uso kwenye video zangu, au mikono inatosha?

*Nafundisha ushonaji kwa video fupi, na inayoonekana ni mikono tu. Kaka yangu anasisitiza kwamba bila uso sitapata wafuasi. Mimi nimeajiriwa na sitaki wenzangu kazini wajue. Nifanye nini? – Fundi wa Jioni*

Dada Fundi,

Baki na mikono kwanza. Kaka yako hajakosea kabisa: uso huleta imani upesi, na anayefundisha matamshi au vipodozi hawezi kuuficha. Lakini anayejifunza kutia zipu anatazama sindano. Uso wako ukijaa kwenye skrini, mshono unakuwa mdogo, naye atatafuta video nyingine.

Tena uso ukishatoka haurudi. Ukijificha leo, mwakani unaweza kujitokeza. Ukijitokeza leo, hata ukifuta video kesho, huenda mtu ameshaipakua, na picha moja ya uso yatosha kutafutia nyingine mtandaoni.

Ila kuficha uso peke yake hakutakuficha kwa wenzako kazini. Wengi hugundulika kwa namba ya simu. Ukifungua akaunti kwa namba waliyo nayo, programu huweza kuwapendekezea akaunti hiyo wote walioihifadhi. Tumia barua pepe mpya isiyo na jina lako, usiruhusu programu isome namba ulizohifadhi, kisha ingia kwenye mipangilio ya faragha uzime kupendekezwa kwa wengine. Fanya hivyo kabla ya kupakia video nyingine yoyote.

Sauti nayo. Mtu anayekaa nawe ofisini kila siku ataitambua kwa sentensi mbili. Kuifanya nene au nyembamba kwa programu humchosha msikilizaji, na mara nyingi mtu anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Weka maelezo ya maandishi, au mwombe mtu mwingine akusomee.

Mikono yenyewe pia inasema: pete, saa, rangi ya kucha uliyokwenda nayo kazini. Vua unachoweza kuvua. Tandika mezani kitambaa cha rangi moja, funga simu kwenye stendi ikitazama chini, karibu sentimita 50 juu ya kazi. Kama unashonea mkono wa kulia, taa itoke kushoto, kivuli kisije kikaangukia mshono. Chunguza sehemu za cherehani zinazong'aa, maana ukiinama uso wako huonekana humo. Geuza taa, au bandika tepu isiyong'aa mbali na sindano. Ukimaliza, itazame video polepole hadi mwisho. Uso huponyoka hasa pale unapoinama kuzima kamera, kwa hiyo kata sekunde hizo kabisa. Usitegemee ukungu ambao programu huweka kufunika uso, kwani ukisogea ghafla huachwa nyuma.

Kuhusu wafuasi, fungua takwimu za video zako uone watu wanaondokea wapi. Wakiondoka sekunde za mwanzo, dawa yake si uso. Anza na zipu iliyokwisha kushonwa, ikifunguka na kufunga vizuri, halafu ndipo uonyeshe ilivyotiwa. Salamu ndefu iache.

Ikifika siku unataka kujitokeza, rekodi video mbili tatu zenye uso, zikae wiki nzima bila kupakiwa, kisha uzitazame upya. Soma pia mkataba wako wa kazi unasemaje kuhusu shughuli za nje, na umwambie mkuu wako wewe mwenyewe kabla hajatumiwa video na mtu mwingine.