Njiwa darini: chawa si tatizo, kupe ndiye
Umeuliza kama njiwa walio darini wanaweza kuwaambukiza watoto chawa. Hapana, ndugu; chawa wa njiwa huishi kwenye manyoya na hawazaliani kwa binadamu. Wanaouma watu ni utitiri mwekundu na kupe laini wa njiwa, Argas reflexus. Hatari ambayo wengi hawaijui ni hii: njiwa wakifukuzwa, wadudu hao hubaki na njaa, hupenya kwenye nyufa na kuingia vyumbani usiku. Kupe huyo huweza kukaa miaka kadhaa bila kunyonya damu, na kuna watu ambao kuumwa naye kumewaletea mzio mkali wa kutishia uhai. Kwa hiyo msikimbilie kuziba matundu tu. Ondoeni viota na mwiteni fundi wa kuua wadudu apulize nyufa zote.

Kinyesi nacho msikifagie kikiwa kikavu, tafadhali sana! Vumbi lake linaweza kubeba kuvu ya Cryptococcus na bakteria wa Chlamydia psittaci. Kilowesheni kwanza, vaeni barakoa na glavu. Mwenye kinga dhaifu asiguse kazi hiyo kabisa.