Maswali Yenu: Kuupima Mto Mara Bila Mitambo

Barua za toleo hili zimetoka pande zote mbili za Mto Mara, unaoanzia misitu ya Mau nchini Kenya na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, Tanzania.

Jumuiya yetu ya watumiaji maji ina kijito kinachoingia Nyangores, tawi la Mto Mara. Hatuna chombo cha kupimia mwendo wa maji. Tutajuaje ni lita ngapi zinapita kwa sekunde?
*Msomaji, Bomet*

Mtahitaji kamba mbili, rula ndefu, saa ya simu na machungwa.

Chagueni kipande cha mita 20 kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa wala magugu ndani ya maji. Vutieni kamba moja mwanzoni na nyingine mwishoni, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye kila kamba pimeni kina kila baada ya nusu mita. Jumlisheni vina vyote, zidisheni kwa 0.5, nanyi mna eneo la maji mahali hapo. Chukueni wastani wa kamba zote mbili. Tuseme mmepata mita za mraba 2.4.

Sasa tupeni chungwa mita tatu hivi kabla ya kamba ya kwanza, ili lifike pale likiwa limeshika kasi ya maji. Chungwa linafaa kwa kuwa huzama karibu lote, na upepo haupati pa kulisukuma. Chupa tupu hukimbizwa na upepo na kuwapa kasi ya uongo. Hesabuni sekunde za chungwa kutoka kamba ya kwanza hadi ya pili. Rudieni mara tisa: tatu kushoto, tatu katikati, tatu kulia. Wengi hutupa katikati tu, ambako maji yana kasi zaidi, kisha wanashangaa kijito chao kuwa na maji mengi kuliko mto.

Wastani ukiwa sekunde 40, kasi ya maji ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini huburuzwa na udongo na mawe, kwa hiyo zidisheni kwa 0.85 (kijito chembamba chenye mawe, 0.8). Mnapata 0.425. Mara 2.4, ni mita za ujazo 1.02, yaani lita 1,020 kwa sekunde.

Kosa la asilimia 20 ni la kawaida kwa njia hii. Mkipima pale pale na kwa namna ile ile kila mwezi, bado mtaona wazi kiangazi cha mwaka huu kinavyotofautiana na cha mwaka jana. Ila msiingie kupima hivi ndani ya Mara wenyewe. Kuna mamba na viboko. Huko kina hupimwa juu ya daraja kwa bildi, yaani kamba yenye uzito mwishoni.

Mimi husoma geji ya mto asubuhi na jioni. Baada ya mafuriko inasoma mita 0.62 kama zamani, lakini kwa macho maji ni machache. Imeharibika?
*Msomaji, wilaya ya Serengeti*

Huenda geji ni nzima na kilichobadilika ni mto. Geji husoma kimo cha maji tu. Wingi wa maji hupatikana kwa jedwali lililotengenezwa wakati sakafu ya mto ilipokuwa na umbo fulani. Mafuriko yakijaza mchanga, kimo kile kile kinabeba maji machache. Yakichimba, kinabeba mengi.

Kwanza hakikisha ubao wa geji haukuhama. Kila kituo kina alama ya kudumu, mara nyingi boliti au saruji kwenye daraja. Tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, usio na viputo vya hewa ndani, kulinganisha sifuri ya geji na alama hiyo, kisha tazama tofauti iliyoandikwa kwenye faili la kituo. Ulichopima kikipishana na kilichoandikwa kwa zaidi ya sentimita mbili, ubao umehama. Usiugonge urudi ulipokuwa. Andika tarehe, endelea kusoma, na uwaite watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kama haukuhama, waombe wapime upya wingi wa maji, wakati wa maji madogo na wakati wa makubwa, ili jedwali litengenezwe tena.

Na siku uliyokosa kusoma, acha nafasi wazi na uandike sababu. Tunalisisitiza hili kwa kuwa vituo vya Mara hutazamana: kilichosomwa daraja la Bomet hulinganishwa na kilichosomwa Mara Mines, upande wa Tanzania. Tarakimu moja ya kubuni huchafua hesabu ya nchi mbili.

Mita 60 za kutolima kandokando ya mto ni sheria ya nchi zote mbili?
*Msomaji, Tarime*

Hapana. Mita 60 ni za Tanzania, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kenya, kanuni za ubora wa maji za 2006 zilifuata upana wa mto wenyewe, si chini ya mita 6 wala zaidi ya 30 kila upande, kuanzia pale maji ya mafuriko makubwa yalipofika.

Mvua za kwanza zikinyesha samaki hufa wengi mtoni. Kuna mtu anamwaga sumu?
*Msomaji, Narok*

Si lazima. Mara ina maelfu ya viboko, na wakati wa kiangazi kinyesi chao hujaa chini ya vidimbwi na kuoza bila oksijeni. Wimbi la kwanza la mvua hukisukuma mtoni, oksijeni hushuka ghafla kwa saa chache, na samaki hukosa pumzi. Utaona samaki wakihema juu ya maji, wakubwa wakitangulia kufa, maji meusi yenye harufu ya yai viza.

Shuku dawa ya josho au ya shamba iwapo hakuna mvua, iwapo kaa na wadudu wa majini wanakufa pia, au iwapo vifo vinaanzia sehemu moja na upande wa juu wa mto hakuna aliyekufa.

Kwa vyovyote, piga picha na uandike saa, kwani baada ya saa kadhaa oksijeni hurudi na ushahidi hupotea. Jaza chupa ya kioo hadi juu, ifunge, iweke kwenye barafu. Fanya hivyo juu na chini ya mahali unapopashuku. Chukua samaki wanaotapatapa au ambao mashavu bado mekundu, wafunge kwa karatasi ya fedha ya jikoni, na wafike maabara siku hiyo hiyo. Aliyeanza kuoza haoneshi chochote. Na asiliwe hata mmoja, hata kama anaonekana mzima.