Dalali anataka jibu Ijumaa

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Hombolo. Marehemu baba alituachia shamba la zabibu ekari mbili na mimi ndio nalihudumia miaka yote. Sasa kuna dalali kaja na mteja wa Dar, hela ni nzuri, na mimi nina wazo la kufungua duka karibu na Mji wa Serikali pale Mtumba, halafu kijana wangu kamaliza kidato cha sita anataka ada ya chuo. Nimefunga siku tatu. Nikafumba macho nikafungua Biblia nikaangukia pale Abramu anaambiwa "Toka wewe katika nchi yako", na dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi kaota ghorofa limesimama kwenye lile shamba. Mume wangu anasema tusubiri ila dalali anataka jibu Ijumaa. Hizi ni ishara za Mungu niuze?

JIBU: Amina mama, asifiwe sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa ni neno moja dogo. Umeandika baba "alituachia", hujaandika "aliniachia". Wewe na nani? Umefunga siku tatu lakini sijaona mahali umesema umekaa na ndugu zako, na hapo ndipo moyo wangu umeshtuka.

Hilo la kufungua Biblia umefumba macho naomba uliache kabisa. Ungeangukia 1 Wafalme 21 ungemkuta Nabothi anamkatalia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa sababu ni urithi wa baba zake, na wewe ungemfukuza dalali siku hiyohiyo. Ungeangukia mwisho wa Matendo 4 ungemkuta Barnaba anauza shamba na kuweka hela miguuni pa mitume, ungeuza hata Jumatano. Biblia ni ileile moja ila kwa njia hiyo inakupa majibu mawili yanayopingana. Abramu aliambiwa na Mungu mwenyewe, hakubahatisha ukurasa.

Ndoto ya dada siidharau, maana Paulo anasema msitweze unabii, ila hapohapo anaongeza jaribuni mambo yote. Tangu serikali itangaze 2016 kwamba inahamia Dodoma, watu hapa tunaongelea viwanja na majengo asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo ndoto ya ghorofa inaweza kutoka tu kwenye maongezi ya mchana.

Ningependa usome Yoshua 9. Wagibeoni walikuja na mikate mikavu na viriba vilivyopasuka wakajifanya wametoka mbali, Waisraeli wakaangalia ile mikate wakaamini wakala kiapo bila kumuuliza Bwana, siku tatu baadaye wanakuja kujua kumbe ni majirani zao. Wao walikagua bila kuomba. Wewe umeomba bila kukagua mama yangu. Nehemia, yule aliyetaka ruhusa ya mfalme aende kuujenga upya Yerusalemu, alifanya vyote viwili, aliomba kuanzia mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, kama miezi minne hivi, na siku mfalme alipomuuliza unataka nini alikuwa anajua atakaa muda gani, barua zipi anazihitaji kwa maliwali, na miti ya malango ataitoa wapi, yaani kumbe wakati anaomba alikuwa anapiga na hesabu.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua kiwanja kwa presha ya dalali, aliniambia kuna mtu anakuja na hela jioni, nikaomba dakika tano ndani ya gari nikalipa, kumbe kilishauzwa kwa mtu mwingine na ile hela mpaka leo sijaiona. Bado inaniuma.

Sasa chukua daftari. Zabibu unavuna mara mbili kwa mwaka, Februari-Machi na Agosti-Septemba, basi andika misimu minne iliyopita ilikuachia shilingi ngapi ukishatoa mbolea, dawa na vibarua. Nenda Mtumba siku ya kazi, kaa pale masaa kadhaa uone wateja wanapita wangapi, uliza kodi ya fremu na wanataka miezi mingapi kwa mkupuo. Pita ofisi ya kijiji ujue shamba liko kwa jina la nani. Kijana naye, ameshaomba Bodi ya Mikopo? Kama bado aanze na hilo, maana usiuze shamba kwa ajili ya ada kabla hujajua ada yenyewe itabaki kiasi gani. Na mume wako kusema tusubiri usilione ni upungufu wa imani, inawezekana kabisa hilo ndilo jibu la ule mfungo wako na limekuja kwa sauti uliyoizoea ndani ya nyumba.

Ukishayajua hayo, piga magoti na mume wako, daftari likiwa mbele yenu, mwombeni Mungu hekima ile ya Yakobo 1:5, na mumwambie ukweli mnaogopa nini.

Ijumaa dalali akipiga simu mwambie familia haijakaa bado. Akisema mteja anaondoka, mwache aondoke. Halafu wapigie ndugu zako, wote, hata yule ambaye hamuongei.