Mlango wa Gari Ulioshuka

Swali: Mlango wa dereva wa gari langu la zamani haufungi mpaka niuinue kidogo. Je, nibadilishe kitasa?

Jibu: Usikiguse kitasa kwanza. Fungua mlango nusu, uuinue taratibu kwa ukingo wa chini huku ukitazama bawaba. Ukiona pini inacheza ndani ya tundu lake, basi bushi (vipete vinavyoizunguka pini) zimelika, na mlango umeshuka kiasi cha kutokutana sawasawa na chuma cha kudakia kitasa kilichopo kwenye nguzo ya gari ambako mlango hufungia. Wengi hukimbilia kusogeza chuma hicho, jambo ambalo, kwa maoni yangu, huficha ubovu tu. Badilisha pini na bushi, bawaba moja baada ya nyingine, mlango ukiwa umeegemezwa juu ya jeki iliyowekewa kipande cha mbao. Kisha paka grisi.