Unaanza unesi na masikio yako hayasikii vizuri? Anza na haya

Nawaandikia nyie mnaoanza unesi huku mnavaa mashine za kusikia, au hamvai ila mnajua kabisa mnazihitaji. Mimi nilianza hivyo hivyo, nikamaliza, sasa niko wodini.

Kosa langu kubwa mwaka wa kwanza lilikuwa kuitikia "ndio sista" kwa kitu sijakisikia. Siku moja tunakabidhiana zamu nikatajiwa dozi kwa Kiingereza, wote tuna barakoa, mdomo hauonekani, nikaitikia tu. Kabla sijavuta dawa kwenye sindano nikarudi kuangalia faili, mimi nilisikia 50 na iliyoandikwa ni 15. Nilitetemeka siku nzima. Tangu hapo kila agizo la mdomo nalirudia mbele ya aliyelitoa, dawa, dozi, njia, saa, na namba naitaja tarakimu moja moja. Majina kama dopamini na dobutamini naomba niandikiwe. Hakuna aliyenicheka, na hata mwenye masikio mazima anatakiwa afanye hivyo.

Stetoskopu sasa, hapa ndo wengi wanakata tamaa. Ukivua mashine husikii, ukiziacha ncha za stetoskopu haziingii sikioni. Zipo za elektroniki zinazokuza sauti, zingine unavaa hedifoni juu ya mashine, zingine zinatuma sauti kwa bluetooth hadi kwenye mashine zenyewe, na zingine zinachora mawimbi ya moyo kwenye simu ukayaona kwa macho. Ila usinunue kabla hujaongea na mtaalamu anayekusetia mashine, maana sauti za moyo ni nzito, nyingi ziko chini ya hezi 200, na mashine zetu zinasetiwa kukuza maongezi, kwa hiyo unaweza ukatoa hela nyingi ukasikia mapafu vizuri tu halafu moyo kimya. Mwombe akuwekee programu ya peke yake ya stetoskopu. Mimi sikuambiwa hilo, nikakaa miezi nikilia kwamba masikio ndo yameisha kabisa.

Presha jifunze pia kuipima kwa vidole. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, jaza upepo kwenye mkanda wa presha mpaka yapotee, ongeza kidogo, kisha achia polepole, yakirudi hapo ndo namba ya juu ya presha. Namba ya chini hutaipata hivyo, tumia mashine ya umeme ya kupimia presha.

Chuo waambie mapema na kwa maandishi, kabla hujapangiwa wodi, usisubiri mkufunzi akuone umezubaa. Unapofika wodini muombe mtu mmoja wa zamu akuguse bega alamu ikilia, na wewe simama pale unapoiona monita. Tieta, yaani chumba cha upasuaji, ndo pagumu zaidi, wote wamefunika midomo, kwa hiyo ongea na timu kabla hawajaanza kunawa, mkubaliane ishara za mikono, na kama barakoa za kuonyesha mdomo zipo ziombwe mapema.

Ukimsindikiza mgonjwa MRI, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku kali, vua mashine zako za kusikia uziache nje, na kama una kipandikizi cha sikio usivuke ule mlango mpaka wahusika wa pale wajue ni cha aina gani, ndani yake kina sumaku. Betri za akiba ziwe mfukoni, sio kwenye begi kule kwenye kabati, na zile za kubandua stika ukishabandua ziache dakika moja hivi zivute hewa ndo uziweke, zinakaa vizuri zaidi zamu ya usiku.